Namna ya Kusoma Sheria ya Fidia kwa Ajali za Kazini na za Barabarani

Mwanafunzi anayefungua somo la fidia kwa mara ya kwanza huanza, kwa mazoea, na nadharia ya uzembe: wajibu wa uangalifu, ukiukwaji wa wajibu huo, kisha madhara. Anasoma shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson la mwaka 1932, anamkariri konokono aliyedaiwa kukutwa ndani ya chupa ya kinywaji, na anapokutana na swali la mtihani linalohusu konda aliyevunjika mguu akiwa kazini anaandika kurasa tatu za uzembe na kuambulia alama za huruma. Nasema hivi kwa sababu ndivyo nilivyofanya mimi mwenyewe. Kurasa zangu hazikuwa na kosa la nadharia. Tatizo lake ni kwamba konda yule hakuhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote ili alipwe na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mimi sikuutaja Mfuko huo hata mara moja.

Tangu hapo nimekuwa nikiwashauri wanaosoma somo hili, wawe wa shahada ya kwanza pale Mlimani, wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, au wasaidizi wa kisheria wa mitaani, waanze na mtu aliyeumia kabla ya kuanza na nadharia. Swali la kwanza liwe: mtu huyu alikuwa nani pale alipoumia? Jibu lake ndilo linaloonyesha mlango wa kupitia, na kila mlango una masharti yake, karatasi zake na muda wake. Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake katika eneo hili.

Ajali moja, watu watano

Chukua karatasi, uichore safu nne, kisha ujitungie ajali. Mfano ninaoutumia mimi ni huu: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, daladala inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo inagongana na lori la kampuni ya saruji kwenye Barabara ya Kilwa, karibu na Mtoni kwa Azizi Ally. Wameumia konda wa daladala, dereva wake ambaye ni deiwaka aliyeshika usukani siku hiyo tu, abiria mmoja ambaye ni fundi cherehani mwenye kibanda chake Kariakoo, utingo wa lori, na mama lishe aliyekuwa akipanga masufuria kando ya barabara. Safu ya kwanza ni jina la mtu, ya pili ni nafasi yake wakati wa ajali, ya tatu ni sheria inayomhusu, na ya nne ni muda alionao.

Anza na utingo, maana ndiye rahisi. Ameajiriwa na kampuni, ameumia akiwa kazini na kutokana na kazi, kwa hiyo anaingia moja kwa moja chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, iliyotungwa kama Sheria Na. 20 ya mwaka 2008 na kuanza kutekelezwa kupitia Mfuko mwaka 2015. Sheria hii haiulizi ni nani aliyekosea. Inauliza kama aliyeumia ni mfanyakazi, kama kilichotokea ni ajali au ugonjwa unaotokana na kazi, na kama kilimpata katika kutekeleza kazi hiyo. Mambo hayo matatu yakithibitika malipo yanafuata, hata kama utingo mwenyewe aliteleza kwa kutokuwa makini. Yapo mazingira ya utovu wa nidhamu wa makusudi ambayo sheria inayatenga, na inafaa uvisome vifungu hivyo kwa utulivu, kwa sababu hata humo aliyepata ulemavu mkubwa na wategemezi wa aliyefariki hawaachwi hivi hivi.

Ili kuielewa sheria hii unahitaji kujua ilichukua nafasi ya nini. Kabla yake palikuwa na sheria ya enzi ya ukoloni ambayo iliweka mzigo wa fidia kwa mwajiri mwenyewe na kuweka kikomo cha malipo ambacho, kadiri shilingi ilivyoshuka thamani, kilibaki kuwa kichekesho: familia ya aliyekufa kazini isingeweza kufikia hata laki mbili. Sheria mpya iliuhamishia mzigo huo Mfuko, unaochangiwa na waajiri peke yao kwa asilimia ya mishahara wanayolipa. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja. Ukimkuta mwajiri anayemkata mfanyakazi kwa jina la mchango wa Mfuko huu, hapo una swali jingine kabisa la mtihani.

Sasa konda na deiwaka. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana sehemu kubwa ya jiji hili inaishi katika mtindo huu wa kazi. Mwenye gari hana mkataba wa maandishi na yeyote; anachotaka ni hesabu yake jioni. Dereva na konda wanagawana kinachobaki, na dereva akichoka anampa deiwaka mizunguko miwili mitatu. Je, hawa ni wafanyakazi kwa maana ya sheria? Mwenye gari atasema si wafanyakazi, kwamba wamekodi chombo chake tu. Usikubali wala usikatae haraka. Nenda kwenye Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, utafute kifungu kinachoweka dhana kwamba mtu ni mfanyakazi iwapo moja ya mambo yaliyoorodheshwa lipo: kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake ziko chini ya uangalizi wa mtu mwingine, kwamba kwa miezi mitatu iliyopita amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi, kwamba anamtegemea kiuchumi, kwamba anapewa vitendea kazi, na mengineyo.

Pima watu wako wawili kwa kipimo hicho, jambo moja baada ya jingine, kwa kuandika. Konda aliyekaa na gari lile miaka miwili, anayeanza saa kumi alfajiri kwa sababu mwenye gari ameagiza hivyo, ana hoja nzito. Deiwaka wa siku moja ana kazi kubwa zaidi ya kujieleza. Kwanza lazima aseme mwajiri wake ni nani: ni mwenye gari, ambaye pengine hamjui hata kwa sura, au ni yule dereva aliyemwachia usukani? Mwanafunzi anayeweza kuandika ukurasa mmoja ulionyooka juu ya deiwaka ameelewa zaidi ya yule aliyekariri vifungu kumi.

Malipo ya Mfuko yajifunze kwa kuyakokotoa. Tuseme konda amethibitika kuwa mfanyakazi na kipato chake cha mwezi kimekadiriwa kuwa shilingi 300,000. Wakati yuko kitandani na hawezi kufanya kazi kabisa, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato hicho, yaani shilingi 210,000 kwa mwezi, na malipo ya aina hii hayavuki miezi 24. Akipona akabaki na kilema, daktari anakadiria asilimia ya ulemavu wa kudumu. Hapa kuna mstari ambao unapaswa kuujua kama jina lako: ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi. Ndiyo maana migogoro mingi hujikusanya kwenye ripoti ya daktari, kwa sababu tofauti ya asilimia 29 na 31 ni tofauti ya maisha. Zaidi ya hayo yapo matibabu, utengamao, malipo kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki. Kila moja lina vigezo vyake, na ni kazi ya jioni moja kuyaandika kwa maneno yako mwenyewe.

Mlango wa barabarani

Fundi cherehani na mama lishe hawana mwajiri katika ajali hii, kwa hiyo Mfuko hauwahusu. Kwao uzembe unarudi, na sasa ndipo konokono wako anapopata kazi. Msingi wake ni kwamba sheria ya madhara, yaani ya kumdai fidia mtu aliyekudhuru hata kama hamna mkataba, nchini kwetu imepokelewa kutoka Uingereza kupitia sheria yetu ya usimamizi wa haki na matumizi ya sheria, Sura ya 358, inayotaja tarehe 22 Julai 1920 kuwa ndiyo ya kupokea. Ikumbuke tarehe hiyo, kwa sababu inakueleza kwa nini maamuzi ya Kiingereza yaliyotolewa baada yake yanaishawishi mahakama yetu lakini hayaifungi.

Mdai atathibitisha kwamba dereva alikuwa mzembe, na kwa kuwa dereva kwa kawaida hana kitu, atamuunganisha mwenye gari kwa kanuni ya mwajiri kuwajibika kwa kosa alilotenda mfanyakazi akiwa kazini. Tazama jinsi swali la deiwaka linavyorudi kwa mlango wa nyuma: kama si mfanyakazi wa mwenye gari, je, alikuwa akiendesha kwa niaba yake na kwa ruhusa yake? Mtu yule yule, ajali ile ile, lakini sasa anayenufaika na jibu ni abiria.

Kisha ije bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila anayetumia gari barabarani awe na bima ya kuwakinga watu wengine, ile tunayoiita ya mtu wa tatu. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kudhani kwamba majeruhi anaweza kuifuata kampuni ya bima na kuishtaki moja kwa moja. Mkataba wa bima ni kati ya kampuni na mwenye gari. Majeruhi kwanza anapata hukumu dhidi ya aliyekatiwa bima, ndipo sheria inapoilazimu kampuni kulipa hukumu hiyo, kwa sharti kwamba ilipewa taarifa ya shauri katika muda uliowekwa. Kwa hiyo siku unayofikiria kufungua shauri ndiyo siku ya kuiandikia kampuni ya bima barua na kuhakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa. Soma pia mambo ambayo bima hiyo ya lazima haiyagusi, mojawapo likiwa ni mfanyakazi wa mwenye gari anayeumia katika kazi yake. Hapo utaona jinsi sheria mbili zinavyoshonana: anayeachwa na Sura ya 169 ndiye anayepokelewa na Sura ya 263.

Nyingi ya ajali hizi huishia kwa makubaliano nje ya mahakama, na hilo si baya. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inasimamia kampuni hizi, na yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009 ilimwanzisha. Ila usimruhusu mtu atie sahihi hati ya kumaliza madai kabla daktari hajasema mguu umekwisha kupona kwa kiasi gani. Nimeona hati ya aina hiyo iliyosainiwa juu ya kitanda cha wodi, majeruhi akiwa bado ana vyuma mguuni, na hakuna jambo la kisheria lililokuwa gumu kulirekebisha kama lile.

Konda na utingo nao wanaweza kuwa na mguu katika mlango huu wa pili, dhidi ya mtu ambaye si mwajiri wao. Utingo analipwa na Mfuko, lakini daladala ndiyo iliyohama upande wake wa barabara. Tafuta katika Sura ya 263 masharti kuhusu kosa la mtu mwingine, uone yanavyozuia mtu asilipwe mara mbili kwa dhara lile lile.

Karatasi

Somo hili lina tabia ya kuonekana la nadharia darasani na kuwa la makaratasi mahakamani. Ushahidi wa kwanza wa majeraha ni fomu ya polisi namba tatu, PF3, na baada yake taarifa ya polisi ya ajali, mchoro wa eneo, na ripoti ya ukaguzi wa gari. Kama dereva alishtakiwa kwa kosa la usalama barabarani, mara nyingi atakiri kosa, atalipa faini, na faili litarudishwa kabatini. Omba nakala iliyothibitishwa ya mwenendo na hukumu hiyo. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaifanya hukumu ya jinai ambayo muda wake wa rufaa umepita kuwa ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa lile, na hapo nusu ya kazi yako ya kuthibitisha uzembe imekwisha kabla hujaita shahidi.

Kuhusu kiasi, tofautisha madhara mahususi, yaani hasara inayohesabika kwa fedha, na madhara ya jumla. Shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, lililomo katika juzuu za Tanzania Law Reports za mwaka 1992, ukurasa wa 137, ndilo linalotajwa kila mara kwa kanuni kwamba madhara mahususi lazima yatajwe waziwazi katika hati ya madai na yathibitishwe. Jaribu kanuni hiyo kwa fundi wetu. Anasema alilipa hospitali shilingi 640,000, magongo 45,000, na bajaji safari 12 za kliniki kwa 10,000 kila moja. Jumla ni 805,000. Risiti ya hospitali ipo, ya magongo ipo, ya bajaji haipo hata moja. Je, ile 120,000 imepotea? Na kipato alichokikosa kwa miezi mitatu atakithibitishaje, naye hana hati ya mshahara? Daftari la wateja wake, lenye majina ya nguo, vipimo na malipo ya awali kwa kalamu ya bluu, ndilo linaloweza kumwokoa, ikiwa hakulitupa.

Niongeze jambo dogo ambalo hakuna mhadhiri aliyenifundisha. Risiti za mashine za kodi huchapwa kwa joto, na kwa joto la Dar es Salaam maandishi yake huanza kufifia katika miezi michache. Niliwahi kufungua bahasha ya mteja na kukuta vipande kumi na kitu vya karatasi nyeupe safi. Risiti ikipokelewa leo, itolewe nakala leo.

Madhara ya jumla, kwa maumivu na kupungua kwa raha ya maisha, hukadiriwa na mahakama, na mahakama ya rufaa haitaingilia makadirio hayo ila pale jaji alipofuata kanuni isiyo sahihi au kiasi kikiwa kidogo mno au kikubwa mno kupita kiasi. Hapa hakuna njia ya mkato: soma hukumu nyingi. Hazina ya hukumu na sheria za Tanzania iitwayo TanzLII inapatikana bure mtandaoni. Tafuta mashauri ya ajali, na katika kila hukumu ruka moja kwa moja hadi mahali jaji anapofikia kiasi, uandike jeraha, mwaka na fedha. Baada ya hukumu ishirini utaanza kuhisi mizani, jambo ambalo kitabu hakikupi.

Kwa waliofariki, soma sheria ya Sura ya 310 kuhusu ajali za vifo, na utenganishe madai ya wategemezi na yale ya mirathi ya marehemu. Sheria hiyo ndiyo pia inayobeba kanuni ya kupunguza fidia pale majeruhi mwenyewe alipochangia uzembe, kama mama lishe wetu akielezwa kuwa alipanga masufuria juu ya lami.

Safu ya nne

Nimeiacha safu ya muda mwisho kwa sababu wanafunzi wengi huijaza kwa haraka, ilhali ndiyo inayoua mashauri. Chini ya Sura ya 263, mwajiri akishapata habari ya ajali anatakiwa aujulishe Mfuko ndani ya siku 7, na madai yenyewe yana muda wa miezi 12. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya madhara kama uzembe yana miaka 3, ya mkataba yana miaka 6, na madai ya fidia kwa jambo lililofanywa kwa kutekeleza sheria iliyoandikwa yana mwaka 1 tu. Ikiwa lori lile lingekuwa la Serikali au la halmashauri, notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki ingetakiwa kwanza, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu.

Unaponukuu vifungu, angalia toleo. Toleo la Marekebisho la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 2025 na limebadilisha namba za vifungu katika sheria nyingi, hivyo kifungu ulichokisoma kwenye hukumu ya mwaka 2018 huenda leo kina namba nyingine. Andika namba zote mbili pembeni. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu nyingi za zamani ni za Kiingereza, kwa hiyo weka daftari la istilahi la lugha zote mbili na uwe mwaminifu kwa istilahi moja. Ukiandika madhara mahususi leo, kesho usiandike hasara maalumu.

Ukishamaliza karatasi yako ya Mtoni, ibadilishe jambo moja tu na uijaze upya. Mfanye fundi cherehani awe mwajiriwa wa kiwanda anayekwenda kazini kwa daladala ya kawaida, kisha umpandishe kwenye basi ambalo kiwanda chenyewe kimelitenga kubeba wafanyakazi bila malipo, na utafute kifungu kinachotofautisha asubuhi hizo mbili.